Masika ya kwanza ndani ya Coaster: fungua madirisha uliyoyaziba

Swali: "Fundi, shikamoo. Mwaka jana nilinunua Toyota Coaster kuukuu, nikang'oa viti, nikatengeneza kitanda, jiko dogo la kupikia na kabati. Tangu Desemba naishi humo na mwanangu wa miaka saba, kwenye kiwanja chetu Kibada, Kigamboni, huku nyumba ikijengwa polepole. Kiangazi tumekipita salama ukiacha joto. Kabla ya masika niliangalia video za watu wa Marekani na Kanada wanaoishi kwenye magari-nyumba wakati wa baridi, nikafanya kama wao: nimeziba madirisha yote ya kando kwa silikoni, nimebandika sponji yenye foili kwenye dari na kuta, na chini nimelizungushia gari turubai mpaka ardhini. Mvua zimeshika. Asubuhi vioo vinachuruzika maji kwa ndani, godoro lina majimaji upande wa chini, pembeni ya kitanda pameanza madoa meusi, na mtoto anakohoa usiku. Nafikiria niwe nawasha jiko la mkaa kidogo jioni ili nikaushe hewa. Nimekosea wapi? Na je, nihamie kwa shangazi Tabata mpaka Juni?"

Marahaba, dada yangu. Naanza na mkaa kwa sababu mengine yote yanaweza kusubiri hata wiki, hilo haliwezi. Jiko la mkaa lisiingie ndani ya hiyo Coaster, si jioni, si alfajiri, si kwa dakika kumi. Mkaa unaowaka unatoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na damu yetu huing'ang'ania kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko inavyoishika oksijeni. Chumba cha kupanga cha kawaida hapa mjini kina upenyo chini ya mlango na matundu juu ya ukuta. Gari uliloliziba kwa silikoni halina. Mtu anaanza kuumwa kichwa, anasinzia, halafu hana tena nguvu ya kunyanyuka akafungue mlango, na mtoto humalizika kabla ya mkubwa. Isitoshe, jiko hilo halitakukaushia kitu. Litapasha hewa moto, maji yatabaki humo humo, na likizimika yatarudi kwenye vioo. Kama una jenereta, hilo nalo likae mbali, upande ambao upepo hauleti moshi wake dirishani.

La pili, mtoto akasikilizwe kifua wiki hii. Usingoje gari likauke ndipo umpeleke.

Sasa tuje kwenye maji. Wewe unadhani mvua inaingia. Inawezekana kuna mahali inaingia kweli, na tutapatafuta, lakini maji yanayochuruzika kwenye vioo vyako asubuhi hayatoki mawinguni. Mnayatengeneza ninyi wenyewe. Mtu mzima na mtoto wakilala usiku mmoja, kwa pumzi na jasho hutoa nusu lita ya maji au zaidi. Hapo hujachemsha chai, hujapika wali, hujaanika sare ya shule kwenye kamba ya ndani.

Pima sasa ukubwa wa chumba chenyewe. Coaster ndefu ina urefu wa kama mita 7 kwa nje, na ukiondoa sehemu ya dereva na unene wa kuta, hewa iliyomo ndani ni mita za ujazo 19 hivi. Hewa ya nyuzi 27 inaweza kubeba karibu gramu 26 za maji kwa kila mita ya ujazo, basi. Zaidi ya hapo inamwaga. Usiku wa masika hewa ya nje huku pwani, yenye nyuzi 24 hivi, inakuja tayari na gramu kama 20. Kwa hiyo nafasi iliyobaki ndani ya gari lako zima, ukishafunga mlango, ni ya maji kiasi cha nusu kikombe cha chai. Ninyi wawili mnamwaga nusu lita. Yanayobaki yatakwenda wapi? Yanatafuta kitu kilichopoa: kioo, bati la dari linalopigwa na mvua, vichwa vya skrubu, na sehemu ya chini ya godoro inayogusa ubao.

Hapo ndipo zile video zilipokupoteza, na siwalaumu walioziweka, kwa sababu kwao wanasema kweli. Mtu aliyeko Kanada wakati wa baridi ana hewa ya nje ya nyuzi 10 chini ya sifuri. Hewa hiyo haiwezi kubeba hata gramu 3 za maji kwa mita ya ujazo. Ikiingia ndani kwenye hita ikafika nyuzi 20, inaweza kubeba gramu 17. Ina kiu kubwa. Akifungua upenyo mdogo tu juu ya paa, kila mita ya ujazo inayotoka inaondoka na gramu kama 15 za maji yake. Ndiyo maana anaweza kuziba madirisha yote, akaacha tundu moja dogo, na gari likakauka. Shida yake kubwa ni joto kutoroka na mabomba kuganda, na kila anachokifanya kinapigana na hayo mawili. Wewe huna baridi ya kupigana nayo. Hewa ya Kigamboni usiku wa Aprili imeshashiba kabla haijafika kwako. Kila mita ya ujazo inaweza kukuondolea gramu chache tu, kwa hiyo unahitaji hewa nyingi mno kuliko yeye, na ipite usiku kucha bila kukatika. Upenyo mdogo hautoshi. Gari lako linatakiwa liweze kulaliwa madirisha wazi huku mvua inanyesha. Hilo ndilo nitakalolipigania katika jibu hili lote.

Kwa hiyo silikoni ya madirishani itoke yote. Na hapa kuna jambo ambalo fundi wengi wa mtaani hawalielezi kwa mteja. Madirisha ya kusukuma ya gari kama lako hayakutengenezwa yazuie maji kabisa. Kioo kinatembea kwenye mfereji wa chini, maji ya mvua yanaingia mferejini, halafu yanatoka nje kupitia vitundu au mikato midogo iliyo upande wa nje wa mfereji huo. Ukipaka silikoni kwa nje ukafunika vitundu hivyo, mfereji unajaa, na maji yakikosa pa kutokea yanamwagikia ndani, yanashuka nyuma ya ubao wa ukuta mpaka kitandani. Yale madoa meusi pembeni ya kitanda nayashuku hapo kabla ya pengine popote. Chukua wembe wa kukwangulia na kisu butu, kwangua mstari wote wa silikoni, toa mchanga uliogandamana mferejini kwa mswaki wa zamani, kisha zibua kila kitundu kwa spoku ya baiskeli au waya mwembamba. Mimina kikombe cha maji mferejini ukiwa umesimama nje. Yakitoka kwa nje mara moja, dirisha limepona. Yakisita, endelea kuzibua. Matundu ya namna hiyo yapo pia chini ya milango na kwenye kingo za chini za bodi. Yakague yote, kwa sababu yakiziba, bodi inaoza kuanzia ndani na huoni mpaka kidole kipite.

Kama raba ya kioo chenyewe imekauka na kupasuka, badilisha raba. Usiipake kitu juu. Mahali panapohitaji gundi kweli, mfano kwenye maungio ya paa au kuzunguka boliti za keria, tumia ile gundi nyeusi ya poliyurethani ambayo mafundi vioo hubandikia kioo cha mbele. Silikoni ya bei rahisi inayonuka siki hutoa tindikali wakati inakauka, na tindikali hiyo inakula bati. Kwa gari lililoegeshwa karibu na bahari, chumvi peke yake inatosha, usiiongezee msaidizi. Na gundi yoyote haishiki penye unyevu wala juu ya silikoni ya zamani, kwa hiyo subiri siku ya jua, kwangua mpaka uone chuma, futa kwa spiriti, ndipo upake.

Sponji nayo naomba uishushe, najua umeigharamia. Ukibandika kitu cha kuzuia joto kwenye bati, lazima kishikane na bati kila mahali pasipite hewa nyuma yake. Sponji haifanyi hivyo. Hewa yenye unyevu inapenya pembeni, inafika kwenye bati lililopozwa na mvua, inageuka matone, na sponji inayanywa. Foili ya mbele inazuia yasitoke. Bonyeza sponji ya darini juu ya kitanda kwa kidole gumba. Nadhani itakutolea maji. Humo ndimo kuvu inapozaliana, na pumzi ya mtoto ipo hapo hapo chini yake. Toa yote, acha bati likae wazi siku kadhaa, sugua kutu, paka rangi ya kuzuia kutu. Kama unataka kupunguza joto la kiangazi, baada ya masika weka mabamba magumu ya povu yaliyogundishwa sawasawa bila kuacha mfuko wa hewa. Kwa sasa bati tupu lililopakwa rangi ni bora kuliko sponji, kwa sababu bati unaweza kulifuta kwa kitambaa asubuhi likaisha.

Lile turubai la chini pia toa leo. Kule wanalizungushia gari kwa sababu mabomba ya maji yanapita chini na maji yakifika sifuri yanaganda yanapasua bomba. Kinga ile inatunza joto la ardhi. Kigamboni hakuna kitu cha kuganda. Ulichokifunga kule chini ni unyevu wa mchanga, pamoja na makazi ya panya na nyoka. Sakafu ya gari inataka upepo upite chini yake.

Sasa utaniuliza, nitalalaje madirisha wazi na mvua ya Aprili inavyopiga? Jenga banda juu ya gari. Katika ushauri wote ninaotoa kwa watu wenye magari-nyumba hapa Dar, huu ndio ninaousisitiza kuliko mwingine, na ndio wanaouahirisha kuliko mwingine. Nguzo sita za mirunda, paa la makuti au mabati, lizidi ukubwa wa gari kwa mita moja na nusu kila upande, na kati ya paa hilo na paa la gari pabaki nafasi ya kutosha upepo kupita. Fikiria kazi inayofanya. Aprili ndio mwezi wenye mvua nyingi zaidi hapa mjini, wastani wake ni milimita 250 hivi. Paa la gari lako lina mita 7 kwa 2. Hizo ni lita 3,500 za maji zinazoanguka juu ya maungio na boliti zako kwa mwezi mmoja, na banda linazimwaga pembeni kabla hazijagusa raba hata moja. Bati la gari halipozwi tena na mvua, kwa hiyo matone ya darini yanapungua sana hata kabla hujafanya mengine. Madirisha yanakaa wazi usiku kucha. Unapata baraza ya kuvulia viatu vya tope, kuanikia nguo na kupikia. Na Januari likirudi jua, joto ndani ya gari linashuka. Makuti ni ya bei nafuu na hayapigi kelele, ila yanashika moto, kwa hiyo ukichagua makuti, jiko likae mbali na ukingo wake. Mabati yana kelele ya mvua ambayo mtoto ataizoea. Kiwanja ni chenu na mnajenga, nguzo hizo hazitapotea. Kesho zitabeba jiko la nje au banda la kuku.

Ukishapata banda, weka nyavu za mbu kwenye madirisha mawili yanayotazamana na kwenye kile kifuniko cha hewa cha juu ya paa. Hapo kwenye kifuniko funga feni ndogo ya volti 12 inayovuta hewa kuitoa nje. Feni ya wati 20 ikizunguka saa 10 inatumia watisaa 200. Betri ya asidi ya ampia-saa 100 ina watisaa 1,200, na kwa kuwa haifai kuishusha chini ya nusu, una 600 za kutumia. Feni na taa zinaingia vizuri, friji ndogo inaanza kubana. Usitegemee sola ikupe ilichokuwa inakupa Januari. Siku ya wingu zito paneli inaweza kutoa moja ya tano tu ya kawaida yake, na masika yanaleta siku kama hizo mfululizo. Kule kwenye video ulisikia betri za lithiamu zisichajiwe chini ya sifuri na zivalishwe vya kupasha joto. Hilo lipuuze kabisa.

Kama unavuta umeme kutoka kwa jirani kwa waya, na wengi mnafanya hivyo wakati wa ujenzi, tafadhali usiache kiungio chochote kilale ardhini. Kipandishe kwenye mti au nguzo, kining'inie kwa namna ambayo maji yanadondoka kabla ya kufika kwenye plagi. Gari limesimama juu ya matairi ya raba, kwa hiyo umeme ukivujia kwenye bodi hauna njia ya kwenda ardhini. Unamsubiri mtu mwenye miguu mibichi ashike mlango. Mwambie fundi umeme akuwekee sakiti breka ya kukata umeme unaovuja, ile ya miliampia 30, na afunge waya wa ethi kutoka kwenye bodi mpaka kwenye fimbo iliyopigiliwa ardhini. Ukiwahi kuhisi mwasho kidogo unaposhika bodi, chomoa kwanza, uliza baadaye.

Kupika kuhamie barazani msimu wote huu. Watu wanashangaa nikiwaambia kwamba gesi ya kupikia inazalisha maji inapoungua: kila kilo moja ya gesi inakuachia zaidi ya kilo moja na nusu ya maji hewani. Mtungi wa kilo 6 ukiuchomea wote ndani, umemwaga lita 9 na ushee kwenye hicho chumba, mbali na mvuke wa sufuria. Mtungi wenyewe ukae nje, kwenye boksi lenye matundu upande wa chini, kwa sababu gesi ni nzito kuliko hewa na ikivuja inatulia sakafuni, mahali pale pale panapolazwa godoro. Siku ambayo lazima upike ndani, feni izunguke na dirisha liwe wazi. Kengele ya kaboni monoksidi inafaa uwe nayo, inatundikwa karibu na vichwa vya waliolala. Haitoi ruhusa ya mkaa.

Nguo mbichi zisiingie ndani kabisa, hata shuka moja. Mwavuli na koti la mvua vibaki barazani.

Kuhusu kitanda: godoro lililolala juu ya ubao mzima litaoza hata katika nyumba ya ghorofa. Toa ubao, weka chaga zilizoachana vidole viwili au vitatu, na chini ya kitanda pasijazwe mabegi mpaka juu. Pabaki njia ya hewa. Wazee wetu wa pwani waliolala kwenye vitanda vya kamba hawakuwa na shida hii, kwa sababu hewa ilikuwa inapita chini yao usiku mzima. Kila asubuhi simamisha godoro kwa ubavu, fungua kila kitu, na jua likitoka hata kwa saa mbili mchana, litoe nje. Godoro lako la sasa lifunue kitambaa ulitazame: kama madoa yameingia ndani ya sponji, halisafishiki, litupe. Kuta na mbao zenye madoa zioshe kwa jiki iliyochanganywa na maji, kipimo kimoja cha jiki kwa kumi vya maji, mlango wazi, umevaa barakoa, mtoto akiwa mbali. Usichanganye jiki na siki wala na sabuni ya chooni yenye tindikali, inatoa hewa yenye sumu. Vile vikopo vya kunyonya unyevu vinavyouzwa Kariakoo vitakufaa ndani ya kabati la nguo lililofungwa. Kwenye chumba chenye dirisha wazi vitakuwa vinanyonya hewa ya Kigamboni nzima.

Baada ya hapo tafuta kama mvua inaingia kweli. Hii kazi inataka watu wawili, mpira wa maji, na siku moja isiyo na mvua. Ndani toa mapazia na ubao wa ukuta popote unapotoka kirahisi, panga karatasi za tishu kavu chini ya kila dirisha, kwenye kingo za dari na nyuma ya taa za mkia. Mmoja akae ndani na tochi. Aliye nje aanze kumwagia chini kabisa, usawa wa sakafu, dakika kumi bila kuhama, kisha apande hadi usawa wa chini ya madirisha, dakika kumi tena, kisha kingo za juu za madirisha, na paa liwe la mwisho. Asitumie presha, maji yateremke tu kama mvua. Ukianza na paa, maji yatashuka kila mahali kwa pamoja na hutajua lililovuja ni lipi. Tishu ikilowa, weka alama kwa chaki ndani, halafu tafuta tundu juu ya alama hiyo, wakati mwingine mbali kidogo, kwa sababu maji yakishaingia hufuata mbavu za bodi na kutokea yanapopenda. Kwenye Coaster za zamani mimi huanza kuangalia pembe za chini za madirisha, ambako bati huoza mapema, kisha kuzunguka kifuniko cha hewa, kisha boliti zilizoongezwa na mwenye gari baadaye, za keria au za paneli za sola. Tundu lililotobolewa na fundi sola kwa haraka nalishuku kabla ya tundu lililotoka kiwandani.

Kuhusu mahali gari liliposimama, Kibada ina sehemu za mchanga zinazokunywa maji vizuri na sehemu za bondeni ambako maji hukaa. Kiwanja unakijua wewe. Tafuta alama za maji kwenye kuta za majirani na waulize waliokaa muda mrefu, au mjumbe wenu, maji yalifika wapi miaka ya mvua kubwa. Mji huu hauhitaji kukumbushwa: Desemba 2011 mafuriko ya Bonde la Msimbazi yaliua watu na kuwaacha wengi bila makazi, na familia nyingi zikahamishiwa Mabwepande. Wewe una kitu ambacho wao hawakuwa nacho, nyumba yenye matairi, lakini inakusaidia ikiwa tu inaweza kuondoka. Betri ya kuwashia iwe na nguvu, tangi lisishuke chini ya nusu, uso wa gari uelekee barabarani, na banda lako usilifunge kwa mbele. Matairi yakae juu ya mbao nene ili yasizame mchangani. Washa injini kila wiki, sogeza gari mbele hatua chache, rudisha. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitangaza angalizo la mvua kubwa kwa Dar es Salaam na Pwani, ondoka mchana, mapema. Barabara ikishakuwa na maji yanayotembea usiiingie: maji ya sentimita 60 yanaweza kubeba magari mengi, na usiku huoni kina.

Lipe gari mwinamo kidogo kwa ubao chini ya matairi ya upande mmoja, ili maji ya juu yaelekee upande usio na mlango. Kusi likianza kushika, mvua itakuwa inapiga kutoka kusini na kusini-mashariki. Mlango na dirisha unaloliacha wazi zaidi vielekee upande wa pili, na upande wa kusi ning'iniza turubai kwenye ukingo wa paa la banda, lishuke chini kidogo.

Maji yasituame juu ya paa, kwenye matairi ya akiba wala kwenye ndoo barazani. Dengi iliyosumbua mji huu 2014 na tena 2019 inaletwa na mbu wanaouma mchana na kutaga kwenye maji yaliyotulia. Chandarua cha usiku hakiwafikii, nyavu za madirishani zinawafikia.

Na Tabata? Mtoto aende kwa shangazi wiki hii, na wewe nenda naye kama kazi inaruhusu, mkae huko mpaka sponji yote imetoka, bati limepakwa rangi, godoro jipya limepata chaga na banda limeezekwa. Mafundi wawili wanaweza kulimaliza ndani ya wiki mvua ikiwaachia nafasi. Huna haja ya kungoja Juni. Siku utakayorudi, lala peke yako usiku wa kwanza, madirisha mawili wazi, feni inazunguka. Alfajiri pitisha kiganja kwenye kioo cha nyuma na kwenye bati juu ya kitanda, kisha inua godoro uguse chaga. Vioo vikiwa na ukungu mwepesi tu unaopotea ukishapambazuka, na chaga zikiwa kavu, mlete mtoto. Ukikuta matone, ongeza dirisha la tatu ujaribu tena usiku unaofuata kabla hujamtoa Tabata.